Kamera Kwenye Mdomo wa Shimo: Shajara ya Video za Usalama, Busia

Siku ya 1

Tumeshusha mizigo kwenye chumba cha kupanga, katika kijiji cha wachimba dhahabu wilayani Busia, Uganda, si mbali na Tiira. Tuko watano: mpiga picha, kijana wa sauti, dada wa taa na betri, dereva ambaye amesomea huduma ya kwanza, na mimi ninayeandika maelezo na kuhariri. Chama cha wachimbaji kimetuomba video saba fupi, kila moja isizidi dakika nne, za kuonyesha namna ya kufanya kazi shimoni na kurudi nyumbani mzima. Kwenye barua ya mradi imeandikwa "kuboresha usalama mahali pa kazi". Mwenyekiti wa chama aliponipigia simu mara ya kwanza alisema kwa maneno yake: "Mwalimu, vijana wanakufa, na wanakufa kwa mambo tunayoyajua."

Tunaanza na Kiswahili. Kwenye shimo moja hapa utamkuta Msamia, Mteso, Mganda na Mluo aliyevuka mpaka asubuhi, na wanapohitaji kupiga kelele ya "kamba!" wanaipiga kwa Kiswahili. Sauti za Kisamia, Kiteso na Kiganda zitafuata baadaye juu ya picha zilezile.

Jioni tumekubaliana masharti yetu wenyewe. Hakuna mtu wa kikundi atakayeshuka shimo la kweli. Hakuna mchimbaji atakayeombwa kufanya kosa kwa ajili ya kamera, hata kwa sekunde moja. Na yeyote akisema "simama", awe mpishi au mtoto wa jirani, kazi inasimama na sababu inaulizwa baadaye.

Siku ya 2

Asubuhi nilimsomea mzee wa shimo maelezo ya video ya kwanza. Tunamwita mzee ingawa hajafika sitini. Amechimba tangu ujana, na vijana hawashuki kabla hajatia neno. Nilikuwa nimeandika: "Kamwe usishushe pampu ya petroli shimoni." Chini yake nikaeleza sababu. Injini ya petroli hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta inang'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, inakalia nafasi yake, na miguu inalegea kabla mtu hajajua kwamba anaumwa. Mwenzake aliye juu anamwona amelala, anashuka kumwokoa, naye analala. Wa tatu anafuata.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Sasa mwanangu, maji yatatokaje?"

Nikamjibu kwamba pampu ikae juu, bomba refu ndilo lishuke. Hakubishana. Alimwita kijana mmoja, wakaitega pampu pembeni mwa shimo lake la mita 24, wakashusha bomba hadi kwenye maji, wakawasha. Injini ilinguruma kama dakika kumi. Halikutoka tone.

Na lisingetoka. Pampu ya juu haivuti maji kama tunavyodhani. Inaondoa hewa ndani ya bomba, halafu uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Uzito huo, hata ukiwa ufukweni mwa bahari na pampu isiyo na kasoro, hauwezi kuyapandisha maji zaidi ya mita 10 hivi. Kwa pampu za kawaida ni mita 7, na huku kwetu, zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, inapungua tena. Ndiyo maana wanaishusha. Shimo likipita kina hicho, mwenye pampu ya petroli ana njia mbili tu: aiteremshe karibu na maji au aache shimo.

Nimekuwa nikisikia watu wa mjini wakisema wachimbaji hawaelewi. Huyu anaelewa pampu yake kuliko mimi. Kama ningepiga ile video nilivyoiandika, wangeitazama kwa heshima, wangetushukuru, na kesho yake wangeshusha pampu, kwa sababu tungekuwa tumewakataza jambo bila kuwaonyesha kazi itaendeleaje. Nimeyafuta maelezo yote ya video ya kwanza.

Siku ya 3

Siku nzima simu na pikipiki. Kinachohitajika ni pampu ya umeme ya kuzamishwa, ile inayokaa ndani ya maji na kuyasukuma kwenda juu badala ya kuyavuta. Kwa hiyo kina cha shimo hakiizuii kwa namna ileile. Jenereta linabaki nje, mbali na mdomo wa shimo na upande ambao upepo unapeleka moshi kwingine. Likiwekwa karibu, moshi wake unateremka shimoni na tumerudi palepale. Pia umeme na maji havicheki na mtu: waya usiwe na kiraka, na pawe na swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja.

Kikundi cha ng'ambo ya kilima wanayo moja. Watatuazima siku moja, wakimaliza kazi yao. Tumesogeza video ya pampu mwisho wa ratiba.

Siku ya 4 na 5

Shimo la mfano limekamilika. Kwenye mteremko nyuma ya nyumba ya mwenyekiti tumechimba mfereji usiofika kiunoni, upande mmoja uko wazi kwa ajili ya kamera, juu tumefunika turubai. Usiku, mtu akivaa taa ya kichwani na kuinama, huwezi kujua kwamba hayuko chini mita ishirini. Mpiga picha anakaa nje kwenye nyasi. Hakuna udongo juu ya kichwa cha mtu yeyote.

Magogo ya mikalitusi yamewekwa na wachimbaji wenyewe, na hapa ndipo nimejifunza zaidi. Katika picha ya kwanza kijana alisimamisha nguzo mbili, akalaza mtambaa juu yake, akapigilia kabari. Nikaona imependeza. Mzee akasema, "Simama." Akaingia, akashika ile kabari kwa vidole viwili, akaitikisa. Ikacheza. Kijana alikuwa ameipigilia kutoka upande mmoja tu, ikashika ukingo wa gogo huku katikati pana nafasi ya kupitisha kisu. Mzee akaing'oa, akachonga ya pili, akaziingiza mbili kwa kupishana, moja kutoka kushoto, nyingine kutoka kulia, akizigonga kwa zamu mpaka sauti ya nyundo ikabadilika. Mwanzoni inagonga ko, ko, kama mlango. Kabari zikikaza, inakuwa kali na fupi. "Sikio ndilo linalokuambia," akasema.

Tumerudia picha nzima kwa ajili ya sauti hiyo. Kijana wa sauti ameweka maikrofoni ndogo nyuma ya nguzo, akazima kila kitu kingine. Katika video hatutasema neno lolote pale. Watasikia nyundo ikibadilika.

Mchimbaji mmoja alikubali kupigwa mikono yake lakini si uso. Nyumbani kwao wanajua anafanya kazi dukani. Tumeandika hivyo kwenye fomu yake ya ridhaa, kama Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inavyotutaka tuheshimu, na dada wa taa amebandika karatasi nyekundu kwenye kadi yenye picha zake ili nisikosee wakati wa kuhariri.

Siku ya 6

Vumbi.

Hii ndiyo video niliyoiogopa zaidi, maana utampigaje picha adui asiyeonekana? Mawe ya dhahabu hapa ni ya kwatzi. Yanapopondwa makavu hutoa vumbi la silika, na chembe zinazoua ndizo usizoziona: chini ya mikroni 10, wakati unywele wa mtu una upana wa mikroni 50 hadi 100 hivi. Zikifika ndani kabisa ya mapafu hazitoki. Mapafu yanajiwekea makovu kuzizunguka, pumzi inapungua mwaka hadi mwaka, na mtu mwenye ugonjwa huo hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko wengine. Makovu hayana dawa ya kuyaondoa.

Tulikwenda jioni kwenye kibanda cha kuponda mawe, jua limekwisha. Dada wa taa alining'iniza kitambaa cheusi ukutani, akaficha taa moja kali nyuma ya nguzo, ikielekea upande wa kamera lakini isionekane kwenye picha. Mama mmoja alikuwa ameketi na nyundo yake na karai la mawe, leso amejifunga puani. Kwa macho hewa ilikuwa safi. Taa ikawashwa, akagonga jiwe moja.

Hewa yote kati yake na nguzo ikajaa. Lile vumbi halikuanguka kama mchanga. Lilibaki limening'inia, likajigeuza polepole, likapita juu ya bega lake kwenda mahali ambapo mtoto wake alikuwa amelala juu ya gunia. Mama alisimamisha nyundo. Alitazama kwa muda, akanyanyuka, akambeba mtoto, akampeleka nje kwa dada yake. Aliporudi akasema, "Kumbe ndicho tunachokula."

Hatukumwambia afanye hivyo. Kamera ilikuwa inaendelea, na tumemwomba ruhusa mara mbili kabla ya kuitumia sehemu hiyo, mara ya pili asubuhi iliyofuata, baada ya kulala nayo.

Kisha tukamwagia mawe maji kwa chupa iliyotobolewa kifuniko, taa ileile, nyundo ileile. Vumbi likawa dogo sana, ingawa halikuisha. Tumepiga pia leso ikiwa mbele ya taa, ili waone kwamba vumbi jembamba linapenya kitambaa. Barakoa ya kuzuia vumbi, ile ngumu inayobana pua na mashavu, inahitajika hata mawe yakiwa yamelowa.

Jambo la kiufundi kwa watakaojaribu: usitegemee taa za jenereta. Umeme wetu ni hezi 50, lakini jenereta dogo likilemewa hupanda na kushuka, na picha inamemeta hata ukiweka shata kwenye 1/50. Taa za betri zilituokoa.

Siku ya 8

Tororo, kwenye machimbo ya mawe ya ujenzi. Tulikuwa tupige video ya kofia ngumu na mawe yanayoporomoka. Msimamizi alitupokea vizuri, akatoa maboksi ya kofia mpya, nyingine bado zimo kwenye nailoni, akawagawia wafanyakazi kumi na wanne. Wakati wanazivaa akamwambia mtunza stoo kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba zihesabiwe zikirudi, picha zikiisha.

Tumefungasha vifaa bila kupiga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga, na inampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari. Sikuweza kuwapiga watu wakiwa wamevaa kofia za kuazimwa halafu nikaziita mafunzo. Kila mmoja wao angejua video inadanganya, na angejua sisi tulijua.

Kaka mmoja alitufuata hadi kwenye gari. Alisema, "Mngepiga tu. Angalau leo tungevaa." Sikuwa na jibu la kumpa, na hadi naandika haya usiku sijalipata. Nimemwandikia mwenye machimbo barua, kwa jina la chama, kwamba tutarudi kofia zikishakuwa za watu.

Siku ya 9

Zebaki, ile inayoshikana na dhahabu kuwa donge, kisha donge linachomwa ili dhahabu ibaki. Tulishakubaliana kwamba hatutachoma zebaki kwa ajili ya picha, hata mara moja, hata kwa mbali. Inachemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi na moto wa mkaa unaifikisha huko bila shida; mvuke wake hauonekani, hauna harufu, na unashambulia ubongo na figo, kwa watoto na wajawazito zaidi. Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2019, na mkataba huo unataja kuchoma donge wazi bila kunasa mvuke na kuchoma kwenye makazi kuwa miongoni mwa mambo ya kukomeshwa. Lakini hapa bado watu wanachomea penye jiko, kwa sababu ndipo moto ulipo.

Tukawa tunafikiria michoro. Mzee ndiye aliyetukomboa. Akatoka chumbani na daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, kona zimeliwa. Ndani, kwa kalamu ya wino, ameandika safu mbili kwa miaka. Upande wa kushoto uzito wa donge kabla ya moto. Upande wa kulia uzito wa dhahabu iliyobaki. 6.2, na mbele yake 3.1. 4.8, na mbele yake 2.5. Kurasa kwa kurasa.

Alikuwa akiandika ili wanunuzi wasimwibie. Tulimwomba aweke kidole kwenye mstari wa kwanza, atoe ya kulia kutoka ya kushoto, aseme jibu kwa sauti. "Tatu nukta moja." Mstari wa pili. "Mbili nukta tatu." Akaendelea mwenyewe mpaka chini ya ukurasa. Alipofika mwisho akauliza, si kwa kamera, kwa nafsi yake, "Hizi zilikwenda wapi?" Mkewe alikuwa mlangoni na sinia la chai. Jiko ni lilelile analopikia chai.

Picha iliyobaki ni ya karibu tu: kidole, tarakimu, na sauti yake. Baada yake inakuja picha ya chungu cha kunasia mvuke, chenye mfuniko na bomba linaloingia kwenye maji, kikiwa kitupu na baridi, mzee akieleza kila kiungo na kwa nini kikae nje, mbali na nyumba. Tumeongeza maneno kwamba chungu hakimalizi hatari bali kinaipunguza, na kwamba njia za kukamata dhahabu bila zebaki zipo na chama kinataka kuzijaribu.

Siku ya 11

Tumeonyesha kazi ambayo haijakamilika katika kibanda cha sinema cha kijiji. Kwa wasioishi Uganda: kibanda ni chumba cha mabati na mabenchi, na filamu haitazamwi kimya. VJ anakaa na maikrofoni, anafasiri maneno, anaongeza yake, anamwita mtazamaji kwa jina. Tulimpa VJ wa hapa picha zetu na maelezo, tukamwomba asome kwa namna yake. Kwenye kabari alinyamaza kabisa aisikilize nyundo, na kibanda kizima kikanyamaza naye.

Kisha ikaja picha ya kamba na winchi. Kwa ndani mchimbaji anafunga mkanda sawasawa, anakagua fundo, anamwita mwenzake. Nilikuwa nasubiri waangalie fundo. Kijana wa mbele akanyoosha mkono kwenye kona ya juu ya skrini: "Na yule?"

Nyuma kabisa, nje ya umakini wa lenzi, alikuwa mwenzetu wa sauti. Amepiga goti ukingoni mwa shimo la pili, ameinama na fimbo ya maikrofoni, hana kamba, hana kofia. Miguuni sandali.

Nimeitazama klipu ile labda mara thelathini wakati wa kuhariri. Sikumwona. Wao walimwona mara ya kwanza, kwa sababu ukingo wa shimo ndio wanaoutazama kila siku ya maisha yao. Hakuna aliyecheka. Mzee akaomba picha irudishwe, akaitazama tena, akasema taratibu, "Huyu angeanguka tungeshuka kumtafuta." Ndipo nilipohisi uzito wake. Masharti yetu yalikataza kushuka shimoni, lakini hayakusema lolote kuhusu ukingo. Mwenzetu alisimama mbele ya watu akaomba radhi, na mimi nikaomba baada yake, maana kupanga nani akae wapi ni kazi yangu.

Klipu imefutwa, pamoja na nyingine sita za siku ileile. Kuanzia kesho kuna kamba nyekundu mita tatu kutoka kila mdomo wa shimo, na mtu mmoja hafanyi chochote ila kuwaangalia watu wa kamera. Chama kimemchagua yeye, hatukumchagua sisi.

Siku ya 12

Mvua. Tumechaji betri, tumefuta lenzi. Hakuna kingine.

Siku ya 13

Kipima gesi. Wachimbaji wengi hushusha mshumaa, ukizimika hawashuki. Mshumaa unasaidia kidogo, kwani huzimika oksijeni ikishuka kama hadi asilimia 16, lakini hewa ya kawaida ni asilimia 20.9, na kipima kinapiga kelele tangu 19.5. Kuhusu kaboni monoksaidi mshumaa hausemi kitu. Unaweza kuwaka vizuri kabisa kando ya mtu aliyekufa.

Tuliwasha kipima nje penye upepo, tukakifunga kwenye kamba, mzee akakishusha taratibu, akisimama kidogo kila mita tatu. Mpiga picha alikaa nyuma ya kamba nyekundu na lenzi ndefu. Mita kama kumi na nane tukasikia mlio, mwembamba, kutoka chini gizani. Kilipopandishwa kilikuwa kimehifadhi kiwango cha chini kilichokutana nacho: 18.7. Shimo lilikuwa halijafanya kazi tangu mvua ya jana. Wengine husema shimo lile lina wenyewe, yaani mizimu. Mzee alikigeuza kipima kuwaelekea vijana, akawaacha wasome namba mmoja mmoja, akaamuru hakuna kushuka hadi feni ipulize na kipimo kirudiwe.

Siku ya 15

Pampu ya kuzamishwa imekuja kwenye pikipiki, imefungwa na mpira wa tairi. Jenereta tumeliweka hatua arobaini kutoka shimoni, upande unaopokea upepo mwisho. Waya umekaguliwa kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, swichi ya kukata umeme imejaribiwa mara tatu mbele ya kamera. Pampu ikashushwa kwa kamba yake, si kwa waya. Hakuna mtu chini.

Mzee aliinua mkono, dereva akawasha. Bomba lililolala kwenye majani likavimba kidogo, likatikisika, likakohoa hewa. Kisha maji ya rangi ya udongo yakatoka kwa nguvu yakamwagikia mtaro. Shimo lilelile la mita 24.

Mwenyekiti alikuwa ameshika kalamu tayari. Aliuliza bei ya pampu, bei ya waya kwa mita, na jenereta la kiasi gani linaitosha, akaandika nyuma ya fomu yetu ya ridhaa. Wamekaa chini ya mwembe sasa wakihesabu michango. Kijana wa sauti amevaa gambuti na kofia, anarekodi mlio wa maji kutoka nyuma ya kamba nyekundu. Ijumaa tunaanza sauti ya Kiteso.